Mzee Farajalla na Kochi la Daktari

Kabla sijafika kwenye habari yenyewe nimekumbuka mpira. Nilikuwa bado mdogo, Mwingereza bado yupo, na pale Nsambya kwenye laini za polisi kulikuwa na kiwanja, nusu majani, nusu vumbi jekundu. Jumamosi moja polisi walicheza na watu wa reli. Refa alikuwa inspekta wa Kizungu, mtu mrefu mwenye magoti mekundu, filimbi inaning'inia shingoni kwa kamba nyeupe. Kipindi cha pili kilipoanza tu akaja tarishi na baiskeli, akamnong'oneza neno. Inspekta akatazama saa, akatoka uwanjani, akashuka zake upande wa ofisini na filimbi yake. Hakuipuliza. Basi watu wakaendelea kucheza. Nani angethubutu kusema imetosha? Koplo aliyekuwa nahodha wa polisi aliulizwa, "Afande, tuache?" Akajibu, "Wewe umesikia filimbi?" Wakacheza. Jua likashuka, akina mama wakaanza kuita watoto, mpira ukawa hauonekani, watu wanapigana mateke ya miguu mitupu, na bado wanacheza. Wengine walikaa chini, lakini ndani ya mistari, asije mtu akasema wametoka. Kesho yake inspekta aliuliza nani alishinda. Mtaa mzima ulicheka habari hiyo muda mrefu, na mimi nilicheka nao.

Nimeikumbuka juzi nikiwa kwenye benchi la nyuma kabisa kanisani, Nsambya hiyohiyo, kilima cha Wakatoliki, mahali ambapo Mwislamu kama mimi hana kazi. Mimi ni Mnubi, na habari za ukoo wangu nawaachia wanaozipenda. Nilikwenda kwa sababu redio ilisema mwili wa Daktari Mpiima umeletwa kutoka Ulaya, alikoishi tangu zama za wanajeshi. Watu walisimama mmoja mmoja wakamsifu. Mwanamke mmoja wa chuo kikuu alisema marehemu ndiye Mwafrika wa kwanza kwenye udaktari wa akili aliyeonyesha kwamba mtu mweusi naye ana moyo wa ndani, na kwamba Ulaya walimsikiliza. Watu wakapiga makofi, kanisani! Mimi nilikuwa natazama jeneza. Yeye amelala, na padri amesimama kichwani kwake anamsemea. Nikasema peke yangu kwa Kinubi, sasa umelala wewe, Daktari. Jirani yangu wa benchi akafikiri naomba dua.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule uliofuata baada ya Wahindi kufukuzwa. Nilikuwa mtu mzima, nina mke, nimesoma mpaka darasa la tatu na la tatu lenyewe sikulimaliza, na nilikuwa nafanya kazi hospitali moja ya kilimani, jina lake nitaliacha, upande wa wagonjwa wa akili. Kufagia, kuogesha watu, kushika wanaopigana. Daktari Mpiima alipokuja kutoka masomoni Ulaya alikuta nusu ya wagonjwa ni watu wa kaskazini na Wanubi, askari na waliokuwa askari, watu wa Kiswahili, na yeye ni Muganda wa Kikatoliki asiyejua Kiswahili na asiyekitaka. Waganda wengi walikuwa hivyo, na siwalaumu. Kiswahili kililetwa na jeshi la Mwingereza, na miaka ile kilikuwa ndicho sauti ya mtu mwenye bunduki anayekuuliza unakwenda wapi. Basi akauliza nani hapa anajua vyote viwili, Kiswahili na Kiganda, wakamwonyesha mimi. Nikavuliwa ovaroli, nikapewa kiti.

Chumba chake kilikuwa cha Mzungu zamani. Ukutani, mahali pa picha ya Malkia, wametundika picha ya Rais, lakini ya Rais ilikuwa ndogo, ukabaki ukingo mweupe kuzunguka kama fremu ya pili. Kulikuwa na meza, vitabu, birika la umeme lisilokuwa na sukari ya kwenda nalo, maana sukari ilikuwa imeanza kupotea madukani. Na kulikuwa na kochi. Lilikuwa refu, la ngozi ya kahawia, limetoka kwenye nyumba ya Mhindi mmoja aliyeondoka, na ukilisogelea lilinuka bizari kidogo. Daktari alikuwa analipangusa mwenyewe kwa leso. Alinieleza kazi yake siku ya kwanza. Mgonjwa analala pale, yeye anakaa kwenye kiti nyuma, kichwani, asionekane, na mgonjwa anasema kila linalomjia. Hakuna sindano, hakuna kidonge. Anasema mpaka kile kilichofungwa ndani kinafunguka. "Na mimi nikae wapi?" nikauliza. Akafikiri sana, maana vitabu vyake havikumtaja mkalimani. Mwishowe akaniweka dirishani.

Mzee Farajalla ndiye alikuwa wa kwanza kuitwa. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, amepigana vita vya Mwingereza kule Burma, akastaafu, akawa askari wa zamu kwenye nyumba ya Mhindi mwenye mali kule Kololo. Mhindi alipofukuzwa alimkabidhi funguo akamwambia, linda mpaka nirudi. Kila mtu alijua maana ya maneno hayo isipokuwa Mzee Farajalla. Akaja kapteni na lori kuchukua nyumba. Mzee akamwambia, leta mwenyewe aje anikabidhishe, mimi siachi lindo bila makabidhiano. Kapteni akamsukuma, na mzee akampiga rungu moja la kichwa, kapteni akakaa chini kwenye maua. Askari wake walitaka kummaliza hapohapo, lakini majirani walikuwa wamejaa, akapelekwa polisi na polisi wakamfikisha kortini haraka. Hakimu alikuwa mtu mwenye huruma, na huruma wakati ule ilibidi ivae nguo nyingine. Nimesimuliwa na waliokuwapo. Alivua miwani yake chini ya ile wigi ya manyoya ya farasi, jasho linamtoka, akasema, "Mtu mwenye akili timamu hawezi kumpiga kapteni wa jeshi." Korti ikacheka. Kapteni naye, bandeji kichwani, akacheka. Mzee Farajalla peke yake hakucheka. Aliambiwa yeye ni kichaa, na kwa kuambiwa hivyo akapona risasi.

Lakini sheria ile ilikuwa ya Mwingereza, na Mwingereza alikuwa ameandika kwamba mtu wa namna hiyo akae hospitali mpaka Gavana apendezwe kumwachia. Gavana alikwenda zake na kofia yake ya manyoya, wakaandika Waziri badala yake. Waziri naye siku zile, leo yupo, kesho mkewe anazunguka kambi moja hadi nyingine kumuulizia. Nani apendezwe? Daktari alinieleza njia ilikuwa moja tu. Yeye aandike kwamba mzee aliugua, akatibiwa, akapona. Akiandika kwamba hakuwa mgonjwa hata kidogo, mzee anarudi kortini kwa kosa la rungu, na kapteni anamngoja nje. Akiandika kwamba ni mgonjwa bado, atafia mle. Aandike amepona, na karatasi ifike kwa Waziri yeyote atakayekuwa na kalamu wiki hiyo. "Na nitaandika nilichokiona," akasema. "Lazima nimtibu. Mimi si mtu wa kuandika uongo." Madaktari wengine pale walikuwa wa sindano tu, na kochi walikuwa wanalicheka. Kwa hiyo ilikuwa ni yeye, hakuna mwingine.

Siku hiyo ya kwanza Daktari alisimama akamwonyesha kochi, akasema neno moja la Kiswahili alilolijua, lala, kwa ulimi wake wa Kiganda, "Mzee, rara. Rara hapa."

Mzee Farajalla alilizunguka lile kochi kama mtu anayenunua ng'ombe. "Hii kitu ya nani?"

"Ya hospitali," nikamwambia.

"Hospitali alinunua?"

"Ilitoka kwa Mhindi, mzee."

"Mhindi anajua?"

Nikamtafsiria Daktari, akatabasamu. "Mwambie Mhindi yuko Uingereza, hana haja nalo." Nikasema. Mzee akatikisa kichwa, akauliza Daktari mwenyewe atakaa wapi. Nikamwonyesha kiti cha nyuma. Akauliza, atakaa kule afanye nini? Nikamweleza, atakuuliza, nawe utasema. Hapo akanigeukia mimi, sauti imeshuka.

"Juma, wewe mtoto ya Mwislamu?"

"Ndiyo, mzee."

"Baba yako ilikufa namna gani? Alilala, sivyo? Nani alikaa kichwa yake?"

"Shehe."

"Shehe alimwambia nini?"

"Alimwambia sema."

"Ee! Alimwambia sema, sema, mpaka pumzi yake imekwisha. Ambia huyu daktari yako, mimi hapana kufa bado." Akakaa chini sakafuni, miguu amekunja, mgongo umenyooka, akamtazama Daktari machoni, yuko tayari kwa maswali yote ya dunia.

Nilimweleza Daktari vizuri kabisa, kwamba kwetu kulala namna ile na mtu kukaa kichwani ni kutamkishwa shahada, ni kazi ya anayekata roho. Alinisikiliza kwa adabu akaandika kitu. "Wote wanakataa mwanzoni," akasema. "Hata Wazungu. Kila mmoja anakuja na sababu yake."

"Lakini hii si ya kutafuta, Daktari. Hii ni kweli."

"Ssebo, kila sababu ni ya kweli. Ndiyo maana inaficha vizuri."

Sasa mtu asidhani alikuwa mjinga au mbaya. Nilikula naye mara nyingi pale Wandegeya, kwenye kibanda cha mama mmoja wa katogo, matoke na matumbo yamepikwa pamoja, wanafunzi wamejaa wanabishana kwa Kiingereza mpaka akiingia mtu wa shati la maua na miwani myeusi, mpelelezi wa serikali, hapo wote wanaanza kusifu chakula. Siku moja tulipokuwa pembeni Daktari aliniambia kwa nini anang'ang'ania kochi. Wazungu waliofanya kazi kwenye hospitali yetu kabla yake, alisema, waliandika vitabu kwamba Mwafrika hawezi kuugua huzuni. Anaweza kurukwa na akili, anaweza kupiga kelele, lakini ile huzuni ya kimya ya mtu aliyesoma hana, kwa sababu hana ndani. Ubongo wake wa mbele umelala. "Nilisoma maneno hayo kule kwao," akasema, "darasani, mimi ndiye mweusi peke yangu, na mwalimu anayasoma bila kunitazama. Nikaapa nitarudi nimlaze Mwafrika kwenye kochi, aongee kama wanavyoongea wao, niandike, wasome." Mimi nikamuuliza, je, akiongea amekaa chini? Akasema watasema alikuwa anazungumza tu na askari wa zamu. Nimelifikiria jibu hilo miaka yote. Ili kuonyesha kwamba tuna ndani, ilibidi tulale kwao. Nao hakimu na Daktari walisoma nchi moja, mmoja akaleta wigi, mwingine akaleta kochi, na Mzee Farajalla amekaa sakafuni katikati yao na akili zake zote.

Siku hiyohiyo nilimuuliza kile Kiswahili chake kimoja alikitoa wapi. Akatazama mlangoni kwanza. Akasema alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, kule Kabalagala, akitoka kwa rafiki. Askari wakamwambia neno asilolielewa, wakamwambia tena, kisha mmoja akamwelewesha kwa kitako cha bunduki. Alilala kifudifudi juu ya lami na suti yake, mmoja amesimama kichwani kwake, mpaka walipochoka. "Lala," akasema. "Ndilo nalijua." Na kweli, kila nilipomtafsiria maneno ya mzee, nilipoyasema kwanza kwa Kiswahili kuhakikisha, mkono wa Daktari ulikuwa unatafuta ukingo wa meza. Mimi sina elimu ya kusema ule ni ugonjwa gani. Lakini kochi lilikuwa moja.

Miezi ikaenda hivyo. Mzee analetwa, anakaa sakafuni, Daktari anamwambia rara, mzee anakataa kwa heshima, na saa yao inakwisha. Wakati mwingine alisimulia mambo ya ajabu, akiwa amekaa, habari za Burma, mvua isiyokata, rafiki yake aliyezikwa na maji mpaka kiunoni, na machozi yanamtoka mtu mzima yule bila sauti. Mimi nikasema kimoyomoyo, basi ndiyo hiyo, andika! Daktari aliandika, lakini kila mara alikuwa anatazama lile kochi tupu kama mwenyeji aliyekosa mgeni.

Siku za kutembelewa alikuja mkewe, Mama Hawa, mwanamke mnene mcheshi, amebeba gurusa, ile mikate yetu myembamba, imefungwa kwenye kitambaa na mchuzi wa maharage. Walikuwa wanakula ukumbini, maneno yao kwa Kinubi, na mimi wakinikaribisha kwa lazima.

"Hujapona tu?" anamwambia mumewe.

"Mpaka nilale kwa daktari."

"Lala! Nyumbani nani alikuwa anakushinda kukoroma? Juma, mwambie huyo daktari aje aniulize mimi. Mimi nimelala na huyu tangu sina jino bovu, kichaa chake nakijua. Ni kimoja tu, ukimpa kitu ashike, haachii."

"Ndiyo maana mpaka leo niko na wewe," mzee anasema, na Mama Hawa anampiga na kitambaa, wanacheka, na wagonjwa wengine wanacheka bila kujua wanacheka nini. Akiondoka, mzee alikuwa anabaki na kile kitambaa mkononi mpaka siku nyingine. Alikuwa anataka jambo moja tu maishani, aliniambia mara nyingi. Arudi nyumbani siku yake ikifika, alale kwenye kitanda chake cha kamba, Mama Hawa awepo, na shehe wa mtaani akae kichwani. Kulala huko alikuwa amekuweka akiba.

Nitasema mapema ili msiniulize mwishoni. Hakutoka. Alifia mle, miaka mingine mingi baadaye, na aliyemwosha ni mimi.

Mvua za mwaka zilipoanza Mama Hawa hakuja. Wiki nyingine hakuja. Kisha jirani yake akanipa habari kwamba yuko hospitali pale Nsambya, amevimba miguu, hasemi sana, anamuulizia mzee. Nilimwambia Mzee Farajalla asubuhi, akiwa anakunywa uji usio na sukari. Aliumaliza uji wote. Akasafisha kikombe. Akasema, "Ambia daktari yako mimi nalala leo."

Alitaka maji kwanza. Akatawadha kwenye bomba la nje, taratibu, viwiko, kichwa, miguu. Ndani ya chumba akamwomba Daktari jambo moja, kochi ligeuzwe lielekee kibla. Nilidhani Daktari atakataa. Hakukataa. Alivua koti, akalitundika mlangoni, tukasukuma sisi watatu, miguu ya kochi ikachora sakafu, mpaka likakaa hivi kwamba mzee akilala uso wake unaelekea ukuta wa picha. Kibla ilikuwa upande ule, nifanye nini. Daktari alikuwa kama bwana harusi. "Unaona, Juma?" akaniambia kwa Kiganda. "Ilihitaji muda tu. Leo hii hii naandika. Ijumaa yuko kwa mkewe." Akakaa kitini, kichwani kwa mzee, akafungua kalamu.

Mzee Farajalla akalala kwa ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu. Akafumba macho. Akasoma shahada, polepole, nami sikuitafsiri. Kisha akaanza. Alianza na mama yake, mtu ambaye hakuwa amewahi kumtaja, jinsi alivyokuwa anasuka vikapu huku akilia na hakuna aliyewahi kuuliza analilia nini. Sauti yake ilikuwa si ile ya sakafuni. Ilikuwa inatoka mbali, na mimi nilikuwa natafsiri kwa kunong'ona kutoka dirishani, na kalamu ya Daktari inakimbia.

Ndipo viatu vikasikika ukumbini. Buti, za watu wawili au watatu, na sauti ya Kiswahili ya kambini. "Daktari iko wapi? Wewe, daktari iko wapi?" Muuguzi akajibu kitu. Buti zikasogea. Baadaye tulijua walikuwa wamemleta mke wa mwenzao mwenye uchungu wa kuzaa, wamepotea jengo. Walikuwa wanatafuta mkunga.

Kalamu ilikuwa imesimama. Nilimtazama Daktari, naye alikuwa anatazama mlango. Akainuka bila kusogeza kiti. Karatasi zilizokuwa gotini zikateleza chini, hakuziokota. Akaniambia kwa Kiganda, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie aendelee. Nakuja sasa hivi." Akatoka kwa mlango mdogo wa nyuma, ule wa wafagiaji. Koti lake likabaki linaning'inia.

Nilimwona kutoka dirishani. Mvua ilikuwa imeshakata. Alishuka njia ya kilimani na shati lake jeupe, mikono mfukoni, hakimbii, kama mtu anayekwenda kula. Nyuma yangu Mzee Farajalla alikuwa bado anasema, macho amefumba, uso ukutani, maana hakuna aliyemwambia imetosha. Daktari akafika chini Wandegeya, akangoja gari lipite, akavuka barabara, akaingia katikati ya wanafunzi, na sikumwona tena.